Mtakatifu Inyasi na wasiwasi usiokwisha



Wapendwa taifa la Mungu, mwaka 1522, katika mji wa Manresa nchini Hispania, askari wa zamani aliyeitwa Inyasi wa Loyola aliteseka kwa jambo lisiloonekana kwa macho. Alikuwa ameungama dhambi za maisha yake yote, tena kwa kuziandika. Hata hivyo, kila alipotoka kuungama alidhani kuna jambo amelisahau, akarudi tena. Kurudi huko hakukumletea amani, bali kulizidisha wasiwasi. Alifikia kushawishika kujitupa katika shimo lililokuwamo chumbani mwake. Alikaa wiki nzima bila kula, mpaka padre muungamishi wake alipomwamuru afungue.

Hakuwa peke yake. Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori (1696–1787), msimamizi wa waungamishi, aliijua taabu hiyo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu ilimpata mwaka 1885, akiwa binti wa miaka 12. Kanisa liliiita wasiwasi wa dhamiri. Leo matabibu wanatufundisha kwamba mara nyingi hiyo ni sura mojawapo ya ugonjwa wa akili ambamo wazo la hofu humjia mtu bila hiari yake, naye hulazimika kurudia tendo fulani ili atulie. Utulivu huo ni wa kitambo tu. Hofu hurudi na kudai tena.

Ugonjwa huu una sura nyingine pia. Hapa Ugogo, ambako wengi hununua maji kwa ndoo, anayenawa mikono mara ishirini huambiwa anafuja maji. Anayerudi kukagua mlango usiku kucha huambiwa amerogwa. Anayesumbuliwa na mawazo ya kufuru, ambayo yeye mwenyewe anayachukia, huambiwa imani yake ni haba. Naye anayeungama kila siku jambo lile lile husifiwa kwa uchaji! Sifa hiyo humwumiza sawa na lawama.

Inyasi alipona alipokata shauri kutoziungama tena dhambi za zamani. Yaani, aliacha kuitii hofu. Tiba ya leo hufuata njia iliyo karibu na hiyo: mgonjwa husaidiwa hatua kwa hatua kuikabili hofu bila kurudia tendo, na wengine huongezewa dawa.

Wapendwa, sisi wa Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe tangu mwaka 1927. Lakini jina lake tumeligeuza kuwa tusi, na kwa tusi hilo tumewafungia wagonjwa mlango ulio jirani nao. Anayeugua malaria hatumwambii asali tu. Twamwombea na kumpeleka hospitali. Sala na tiba havigombani.

Wiki hii, tukikutana na ndugu wa namna hiyo, tusimcheke wala tusimkemee. Tumsikilize, kisha tumsindikize kwa tabibu. Naye mwenye wasiwasi wa dhamiri achague padre mmoja, amtii. Mungu aliyekwisha kusamehe hadai kukumbushwa.

Mungu awabariki.