Gorter na fuwele zilizomnyima ishara

Desemba 15, 2025 ilitimia miaka 80 tangu Edward Purcell, Henry Torrey na Robert Pound wa Harvard wanase mawimbi ya redio yakifyonzwa na viini vya hidrojeni ndani ya nta ya parafini. Muda mfupi baadaye Felix Bloch wa Stanford akafanikiwa kwa maji. Hicho ndicho kipimo cha NMR, mama wa MRI ya hospitalini. Bloch na Purcell waligawana Nobel ya 1952.

Cornelis Gorter, Mholanzi, alikuwa ametangulia. Mwaka 1936 aliweka fuwele za floridi ya lithi na za shabu kwenye sumaku, akazirushia mawimbi ya redio, akisubiri zipate joto. Hazikupata. Mwaka uliofuata alimtembelea Isidor Rabi, New York, akamshauri atumie mawimbi hayo kwenye miali yake ya molekuli. Rabi akafaulu, na mwaka 1944 akapewa Nobel. Gorter akaambulia shukrani ndani ya makala ya Rabi. Alijaribu tena 1942, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, akakosa tena. Ila jina la NMR lilichapwa kwanza katika ripoti yake ya jaribio hilo, naye muungwana akasema amelitoa kwa Rabi.

Alikosea wapi? Lawama hutupiwa fuwele zenyewe. Viini vikifyonza nishati sharti viitue kwa jirani zao, na katika fuwele safi mno kazi hiyo huchukua muda mrefu. Basi vinashiba, na mgeni aliyeshiba hata umpakulie pilau hagusi: ishara inafifia. Purcell alilihofia jambo hilo, akaiacha nta yake ndani ya sumaku kwa saa nyingi kabla ya kupima.

Sumaku isiyo sawasawa nayo hupotosha vipimo, lakini miaka ya 1950 sampuli zilianza kuzungushwa ili kuipunguza kasoro hiyo. Kushiba bado kunaponza maabara: asiyesubiri viini vitulie kati ya mapigo ya mawimbi ya redio hupata vilele vinavyodanganya kuhusu kiasi cha dutu.

Nicolaas Bloembergen, aliyechunguza utuaji huo pamoja na Purcell, alitetea tasnifu yake Leiden mwaka 1948, kwa Gorter yuleyule. Mwaka 1967 Gorter alichapisha makala kuhusu bahati yake mbaya. Alifariki 1980 bila Nobel. Walimu wa kemia mnaofundisha NMR, anzeni na huyu.