Nani Aliandika Matokeo?

Liko swali moja ambalo vijana wa hapa Nyalikungu wakishaanza kubishania, usikae katikati yao: nani alikuwa wa kwanza? Nani alikuwa bingwa mwaka juzi, nani alimfunga nani, kwa mabao mangapi. Kila mmoja ana shahidi wake, na kila shahidi ni rafiki yake. Lakini swali hilo hilo ukiliuliza kuhusu gemu za video duniani, jibu lipo, tena lina tarehe. Tarehe 19 Oktoba 1972, usiku, katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanyika watu kama dazeni mbili kucheza Spacewar. Huo ni mchezo wa vyombo vya angani vinavyorushiana makombora kwenye kioo cha kompyuta, ambao Steve Russell na wenzake walikuwa wameubuni kule MIT miaka kumi nyuma. Bruce Baumgart akaibuka mshindi katika pambano la watu watano.

Zawadi je? Gari? Nyumba? La hasha. Zawadi ilikuwa kuletewa gazeti la Rolling Stone bure kwa mwaka mzima.

Kwa nini gazeti? Hapo ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Mashindano yale yaliandaliwa na mwandishi, bwana Stewart Brand, aliyekuwa anatafuta habari ya kuliandikia gazeti hilo hilo. Alikuja na kalamu yake, na mpiga picha aliyepewa kazi hiyo ni Annie Leibovitz, ambaye baadaye alikuja kuwa mashuhuri sana. Desemba 1972 makala ikatoka. Sasa fikiri mwenyewe: kwa miaka kumi kabla ya usiku ule wanafunzi walikuwa wakikesha mbele ya mashine wakishindana katika mchezo ule ule. Bila shaka walikuwamo waliokuwa wakali kuliko Baumgart. Wako wapi? Mabingwa wa mwaka 1965 hatuwajui hata kwa jina. Mashindano ya 1972 yanaitwa ya kwanza kwa sababu mwandishi alikuwepo, basi.

Sisi Wasukuma tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, maana mashindano kwetu si kitu cha kuja na meli. Tangu karne ya 19 tuna Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyojitambulisha kwa Gumha na Ngika, mahasimu wawili wa zamani. Msimu ukifika, mavuno yakiwa ndani na pamba imeuzwa, vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, vinapiga mbina kwa wakati mmoja, kila kimoja na ningi wake anayeongoza na kutunga nyimbo. Hakuna refa mwenye filimbi. Anayewavuta watazamaji wengi upande wake ndiye aliyeshinda. (Leo vijana wanaohesabu ni watu wangapi wanatazama gemu fulani kwenye intaneti wanadhani wamegundua kitu kipya! Mizani hiyo babu zetu waliitumia wakiwa na kengele miguuni.)

Lakini matokeo yaliandikwa wapi? Niliwahi kumwuliza babu yangu, mpenzi wa ngoma tangu ujana wake.

“Babu, mwaka ule mnaosema Bagika waliwazidi wenzao hadi watu wakahama uwanja, ulikuwa mwaka gani?”

“Ule mwaka wa mvua nyingi.”

“Kwa tarakimu, babu.”

Akacheka. “Tarakimu alikuwa nazo karani wa pamba, mjukuu wangu. Sisi tulikuwa na wimbo.”

Akauimba. Wimbo ulikuwa na matusi ya kutosha kwa upande ulioshindwa, lakini mwaka haukuwamo. Neno lile la karani limenikaa kichwani mpaka leo. Kilo za pamba za mkulima wa Maswa ziliandikwa, zikajumlishwa, zikapelekwa mbele. Aliyeshinda uwanjani hakuwa na karani. Nyimbo zetu nyingi zingekwisha kabisa na wazee wenyewe kama wasingepatikana watu wachache wa kuzikusanya, kama Frank Gunderson, ambaye mwaka 2010 alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Namshukuru. Nasikitika kidogo pia kwamba ilibidi atoke mbali.

Turudi Marekani, maana huko yuko karani mmoja ambaye nadhani babu angempenda. Mwaka 1980 kampuni ya Atari iliandaa mashindano ya Space Invaders yaliyovuta watu zaidi ya 10,000, na Rebecca Heineman akaibuka bingwa. Yalikuwa makubwa, lakini yalikuwa ya kampuni, ya kuuzia bidhaa. Karani ninayemsema ni Walter Day, mwenye ukumbi wa gemu ulioitwa Twin Galaxies katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa, mji ambao hata Wamarekani wengi wasingeweza kukuonyesha kwenye ramani. Mwaka 1981 alizunguka kumbi zaidi ya mia moja akiandika alama za juu alizozikuta kwenye mashine. Februari 1982 akatangaza kwamba yeye ndiye mtunza rekodi. Nani alimpa cheo hicho? Hakuna. Alijipa! Watu wakaanza kumpigia simu kutoka kila upande wa nchi wakidai wamevunja rekodi, naye anauliza ni mashine gani, nani alishuhudia, anaandika, na magazeti ya gemu yanachapisha orodha zake. Ottumwa ikaanza kuitwa makao makuu ya gemu za video duniani. Mji mdogo, daftari moja, simu moja.

Intaneti ilipokuja, daftari la Day likapata watoto. Korea ya Kusini ilikuwa imeshakwenda mbali kwa njia ya televisheni: kuanzia mwaka 2000 ilikuwa na chaneli nzima ya gemu, na watoto wanajua majina ya wachezaji wa StarCraft kama sisi tunavyojua ya Simba na Yanga. Kwingine habari zilikaa kwenye tovuti za vijana wapenzi wa mchezo. HLTV, iliyoanzia Denmark mwaka 2002, imejishughulisha na Counter-Strike: nani kacheza, ramani ipi, nani kaua mara ngapi na kufa mara ngapi. Ukisoma kurasa zile mara ya kwanza unaweza kudhani ni hesabu za duka. Lakini ndizo zinazomwezesha kijana wa leo kujua kwa uhakika mechi ya miaka mingi iliyopita iliishaje, jambo ambalo mimi siliwezi kuhusu ngoma za kijiji changu mwenyewe.

Hata hivyo kuandika alama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ile inayomletea mwandishi maadui. Agosti 2014 timu ya Marekani ya Counter-Strike iliyoitwa iBUYPOWER, iliyokuwa tishio, ilifungwa na timu dhaifu, NetcodeGuides, kwa mchezo uliowashangaza watu wote. Watu wakanong’ona. Mnong’ono haumfukuzi mtu kazi. Januari 2015 mwandishi Richard Lewis akachapisha ujumbe wa simu na ushahidi mwingine kwamba mechi iliuzwa: wachezaji walijua watafungwa, na wenye siri waliweka dau upande wa pili, dau lenyewe likiwa mapambo ya silaha za ndani ya gemu ambayo yanauzika kwa pesa halisi. Mwezi huo huo Valve, kampuni yenye mchezo, ikawafungia watu saba. Wengine walimlaumu Lewis, ati amewaharibia vijana maisha. Mimi naona waliojiharibia ni wao. Kuuza mechi tunakujua vizuri kwenye mpira, hatuhitaji kufundishwa. Ila kwetu habari huishia kijiweni, kwa kuwa hakuna aliyekaa na zile meseji akazilinganisha na tarehe.

Na mahali pasipo na mwandishi, hata mkali wa kweli anaonekana mzushi. Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, anayejulikana kama Arslan Ash, alikwenda Japani Februari 2019 kwa mashindano ya Tekken 7 baada ya kuhangaika na viza na ndege. Wakorea na Wajapani ndio waliokuwa wakiogopwa. Akawapiga, akachukua ubingwa wa EVO Japan. Alipohojiwa akasema nyumbani wapo wengine wakali kama yeye. Agosti mwaka huo huo akachukua na EVO ya Las Vegas. Ndipo dunia ilipoanza kuiuliza Lahore ina nini, wakati vijana wa kule walikuwa wamekaa kwenye kumbi zao miaka yote wakinoana.

Jirani zetu Kenya walipata mtu wao kwenye mchezo huo huo. Sylvia Gathoni, jina la gemu QueenArrow, mwanafunzi wa sheria, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018. Jina lake likaenda mbali kwa sababu Nairobi ina mashindano na ina wanaoyaandika. Hapa kwetu mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti imesambaa, lakini jitihada za kuandika hazikuja na waya.

Wala nisikudanganye kwamba huko nje kazi hii ni shwari. ESPN ilifungua kitengo chake cha gemu mwaka 2016 ikakifunga Novemba 2020. Washington Post ilianzisha Launcher mwaka 2019, ikaiua mwaka 2023. Januari 2022 kampuni ya Savvy, ya fedha za Saudi Arabia, ilitangaza kuzinunua ESL na FACEIT kwa dola bilioni 1.5, na mwaka 2024 Riyadh ikaandaa kombe lenye zawadi za zaidi ya dola milioni 60. Uwanja unapokuwa na tajiri mmoja, mwandishi anayemtegemea tajiri huyo kwa tiketi na matangazo ataandika nini siku mambo yakiharibika? Angalau Stewart Brand zawadi yake ilikuwa gazeti.

Hapa Nyalikungu banda la gemu ninalolijua lina televisheni mbili, pedi nne zilizofungwa utepe, na ubao. Maswa tuna chaki zetu wenyewe, zinazotengenezwa hapa hapa, kwa hiyo chaki si tatizo. Matokeo ya mechi za mpira yanaandikwa ubaoni mchana kutwa, na jioni mwenye banda anafuta kwa kitambaa ili kesho paanze upya. Wazazi wengi wanasema pale ni pa wahuni na watoro wa shule. Watoro wapo, sitabisha. Lakini yupo na dogo mmoja ambaye sijaona akifungwa kwa zaidi ya bao moja, na hakuna mahali popote panaponithibitishia kwamba sioti.

Nikanunua kaunta buku. Tarehe, gemu, majina, mabao, nani alikuwa shahidi. Wiki ya pili tu mambo yakaingia utata. Dogo alikuwa anaongoza 2–1, dakika ya 80 ya mchezo, umeme ukakatika. Pembeni watu walikuwa wamewekeana pesa.

“Kaka, andika nimeshinda,” dogo akaniambia.

“Andika mechi haikuchezwa,” mwenye banda akasema, kwa vile alitaka wailipie tena.

Mpinzani wake hakusema kitu, alinyoosha mkono akitaka kulishika daftari. Nikaliinua juu. Nikaandika kwa mwanga wa simu: 2–1, dakika ya 80, umeme ulikatika, hawakurudiana.