Mtoto ana homa kali: kwa nini hawekewi dripu haraka?

Wazazi wengi, kambini na vijiji jirani, hukasirika wakiona mtoto amelegea kwa homa na muuguzi hafungui dripu. Usiharakishe kudhani ni ubaguzi au dawa zimeisha. Mara nyingi ipo sababu, na iligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi mwongozo ulisema mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Ulitokana zaidi na nchi tajiri, zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Watafiti wakaupima katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka walifariki zaidi ya 10. Kati ya wale ambao hawakupewa hivyo, takriban 7. Matokeo yalitoka 2011. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake 2016, miaka mitano baadaye.

Lakini utafiti huo haukuhusu mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Huyo anahitaji maji, ya kunywa au ya dripu, na kuchelewa ni hatari. Kwa hiyo ukifika kliniki mwambie muuguzi mapema: anaharisha? Mara ngapi? Alikojoa lini mara ya mwisho? Nawe uliza anatibiwa nini. Kama lugha ni kikwazo, omba mkalimani.