Kivumishi -refu na wenzake wa Kiingereza

Kivumishi -refu kinapovuka kuingia Kiingereza hugawanyika mara nne: "long", "tall", "high" na "deep". Mgawanyo huo huonekana vizuri mjini Thika, pale mto Chania, uliotoka milima ya Aberdare, unapoporomoka kando ya hoteli ya Blue Posts kabla ya kukutana na mto Thika. Mto ni mrefu, maporomoko ni marefu, mti ukingoni ni mrefu na maji yaliyo chini ni marefu. Mwanafunzi anayeandika insha ya Kiingereza kuhusu mandhari hayo huchagua neno jipya kila mara.

"Long" hupima kilicholala: mto, barabara, kamba, pia muda. "Deep" hushuka kisimani. Kazi iko kwa "tall" na "high", maana yote mawili hupanda. "Tall" ni ya kitu chembamba kilichosimama kwa mguu wake, kama mtu, mti au mlingoti. "High" hutazama umbali kutoka ardhini, hata kitu chenyewe kikiwa kidogo: rafu iliyo juu ya kichwa chako ni "high" ingawa unene wake haufiki kiganja. Mlima kama Kilimambogo, wa mita 2,145, nao ni "high". Ghorofa hukubali yote mawili. Mtu hakubali: ukimwita "high", umesema amelewa.

Mzungumzaji wa Kikuyu ana nafuu kidogo, kwani lugha yake tayari hutenga -riku, ya kina, na -raihu, ya urefu mwingine wote. Kosa lake hubaki kwenye "tall" na "high".

Vinyume navyo huachana. "Short" hupinga "long" na "tall", "low" hupinga "high", "shallow" hupinga "deep". Kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa Ruiru mwaka 1985, ina mti "short", na ufupi huo ni sifa, kwa kuwa shamba hubeba miti mingi zaidi. Tawi linalokaribia udongo ndilo "low".

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakioni tofauti hizi. Huziweka kwenye nomino: mtu ana kimo, kisima kina kina, mto una urefu. Na kahawa ikipanda sokoni hakuna asemaye bei ndefu. Bei ni ya juu, na hapo "high" huingia bila ubishi.