Mjamzito na Dawa za Kudumu: Somo la Kagera

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Miaka minne baadaye, utafiti uliofanyika Bukoba mjini ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima walikuwa na VVU. Wakati huo mjamzito aliyegundulika hakuwa na dawa ya kumkinga mtoto. Bila tiba, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa.

Tiba ilipokuja, mkoa wa Kagera haukuachwa nyuma. Mwaka 2000 hospitali ya mkoa iliyopo Bukoba ilikuwa miongoni mwa tano zilizoanza majaribio ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na mwaka 2013 ukaja uamuzi mkubwa zaidi: kila mjamzito na kila anayenyonyesha akikutwa na VVU aanze dawa na aendelee nazo maisha yake yote. Dawa hizo akazipata palepale anapopimwa mimba, na mtoto wake akafuatiliwa kwa vipimo hadi aache kunyonya. Mama akizingatia dozi, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka chini ya asilimia 5.

Hoja ya makala haya ni kwamba utaratibu huo haupaswi kuishia kwenye VVU. Presha, kisukari, kifafa na siko seli navyo ni maradhi ya kudumu, na mwenye nayo anapobeba mimba huhitaji mpango mmoja wa matibabu. Mara nyingi hulazimika kuuunganisha mwenyewe, kati ya kliniki ya wajawazito, kliniki ya ugonjwa wake na duka la dawa muhimu.

Chukua mfano wa mwanamke wa Rubafu, kwenye mwambao wa ziwa, anayemeza enalapril kwa ajili ya presha. Dawa hiyo huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni, hasa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Akiendelea nayo, mtoto yumo hatarini. Akiacha dawa zote kwa hofu, presha inaweza kupanda hadi kumletea kiharusi au kifafa cha mimba. Kinachotakiwa ni kubadilishiwa dawa mapema, apewe methyldopa au nifedipine. Kwa mwenye kifafa anayetumia valproate hali ni nzito zaidi: takriban mtoto mmoja kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na kasoro za uti wa mgongo hutokea katika wiki za mwanzo, mama akiwa pengine hajajua kuwa ana mimba. Hata hivyo kuiacha ghafla hukaribisha degedege linaloweza kumuua. Mashauriano ya kubadilisha dawa hiyo yanapaswa kufanyika kabla ya mimba.

Dawa nazo hugongana. Dolutegravir, iliyomo katika kidonge cha VVU kinachotumika sasa, hupungua nguvu ikimezwa tumbo tupu pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Vikimezwa pamoja na chakula, tatizo huondoka. Mwenye VVU anayetumia cotrimoxazole hapaswi kupewa SP ya kukinga malaria. Mwenye siko seli aliyezoea folic acid ya miligramu 5 kila siku huidhoofisha SP hiyohiyo, na Muleba ni wilaya inayoijua malaria kwa machungu yake. Mtoa huduma asiyeona kadi zote za mama mezani hawezi kuyagundua haya.

Wako wanaosema salama ya mjamzito ni kukaa mbali na dawa. Hofu hiyo ina asili: thalidomide iliacha maelfu ya watoto wenye ulemavu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini tazama yaliyotokea Botswana mwaka 2018, dolutegravir iliposhukiwa kuleta kasoro za uti wa mgongo. Watafiti waliendelea kuhesabu vizazi, takwimu zikaongezeka, na tofauti iliyoonekana mwanzo ikafifia. Shaka iliondolewa kwa ufuatiliaji, na mamilioni ya wanawake wakabaki na dawa bora.

Kwa hiyo halmashauri za Bukoba na Muleba zianze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayefika kliniki ya presha, kisukari, kifafa au siko seli aulizwe kama anatarajia mimba. Akipata mimba, dawa zake zote ziandikwe kwenye kadi yake ya wajawazito tangu hudhurio la kwanza. Zahanati iwe na namba ya daktari wa kupigiwa kabla dawa yoyote haijasimamishwa. Na mama anayesoma haya akiwa na kidonge cha kila siku asikiache wala asiendelee nacho kimyakimya. Akibebe kilivyo, na pakiti yake, akamwonyeshe mhudumu wiki hii.