Kalenda za Tabora na njia ya misafara

Kalenda ya ukutani katika nyumba na maduka ya Tabora hubeba hesabu mbili katika ukurasa mmoja. Tarehe za Kimiladi hupigwa kwa tarakimu kubwa, sikukuu za taifa hutiwa wino mwekundu, na pembeni hukaa tarehe za Hijria kwa maandishi madogo. Zile zinazochapwa Mashariki ya Mbali huongeza hesabu ya tatu, ya mwezi wa Kichina. Makala hii inaeleza hesabu hizo zilifikaje Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na namna zinavyosomwa pamoja.

Zama za misafara. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipoweka makazi Kazeh, karibu na Tabora ya leo, katikati ya karne ya 19, walikuta nchi inayohesabu mwaka wake kwa mvua. Nchi hiyo, Unyamwezi, ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walishuka pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na walipenda kuwa wamerudi kwao kabla ya kulima. Tajiri aliyetaka watu wa kubeba pembe hakuwa na budi kuijua ratiba hiyo. Wakati huohuo, mali aliyokopa Unguja iliandikwa kwa tarehe za Hijria, na mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua. Mwezi ulitawala deni na ibada, mvua ikatawala safari, na aliyeshika hesabu moja tu alipata hasara.

Watu wa pwani walikuwa tayari wamezoea mambo hayo. Miezi yao ya mwandamo huhesabiwa tangu Ramadhani inapokwisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Idd el Haji huangukia tarehe 10 ya Mfungo Tatu, na Maulidi tarehe 12 ya Mfungo Sita. Kando yake walikuwa na mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumikumi, kwa ajili ya mabaharia na wakulima. Makunduchi, Unguja, bado huuadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba mwezi ulikuwa saa ya kutegemewa barani unatoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliandika kwamba alikutana huko na mmisionari na msafiri David Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, ingawa wanahistoria wanaitilia shaka tarehe hiyo, kwa kuwa Stanley mwenyewe aliugua homa njiani. Livingstone, aliyetoka Manyema, ng'ambo ya ziwa hilo, akiwa mgonjwa na bila vifaa, alikuwa amepoteza hesabu kabisa. Ramadhani ya mwaka 1288 ilipoingia tarehe 14 Novemba, aliilinganisha na almanaki ya wanamaji akaona kwamba shajara yake imetangulia kwa siku 21. Waislamu wa Ujiji, waliotazama mwezi tu magharibi, walikuwa sahihi kuliko msomi mwenye kalamu. Februari 1872 wageni hao wawili walifika Kwihara, jirani na Tabora, wakiwa na tarehe zilizosahihishwa.

Sikukuu za serikali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na ratiba ya treni ikaipa kalenda ya Kimiladi nguvu ambayo ofisi za Wajerumani peke yake hazikuwa nayo. Sikukuu za leo nyingi ni za tarehe isiyohama: Mapinduzi 12 Januari, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Uhuru 9 Desemba. Mji huu una haki ya pekee juu ya 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, kwani alisoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's. Sabasaba nayo ilianza kama siku ya kuzaliwa TANU, 7 Julai 1954, chama kilichokutana Tabora Januari 1958 na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia.

Maulidi na Idd mbili hazina tarehe ya kudumu. Mchapaji huziweka kwa makadirio na kuandika chini yake kuwa zinategemea mwandamo wa mwezi. Jioni ya tarehe 29 watu hutazama magharibi. Mwezi usipoonekana, siku 30 hukamilishwa. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani na wapo wanaosubiri uonekane nchini, hivyo mtaa mmoja waweza kusali Idd siku mbili tofauti.

Tahadhari moja inastahili kuandikwa kwa herufi kubwa katika kila ratiba ya Ramadhani. Tabora iko takriban digrii sita na nusu magharibi ya Dar es Salaam, na kila digrii huchelewesha jua dakika nne. Magharibi ya Tabora hufika kama dakika 25 baada ya ile ya Dar es Salaam, na ya Kigoma kama dakika 40. Anayefuturu kwa adhana ya redio kutoka pwani anafungua kabla jua la kwake halijazama.

Mwezi wa Kichina. Mwaka 2022 kampuni za China zilipewa kandarasi ya kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, ikielekea kulekule ilikokwenda misafara. Wachina pia huhesabu kwa mwezi, lakini mara 7 katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa 13, na kwa hiyo mwaka mpya wao hauondoki kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwezi wao huanza siku ambayo mwezi na jua hukutana kwa hesabu, bila kungoja jicho, ndiyo maana tarehe yao hutangulia ya Hijria kwa siku moja au mbili. Mwaka 2026 mwaka mpya wao uliangukia 17 Februari, na Ramadhani ya 1447 ikafuata mara. Ukaribu huo haudumu: Ramadhani inaendelea kurudi nyuma, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.