Maandalizi kabla ya mgonjwa wa akili kulazwa

KWA jamaa wengi wa Kitui na Makueni, safari ya kumpeleka mgonjwa wa akili kulazwa kwa miaka mingi imeishia Machakos au Mathari, jijini Nairobi. Mathari ilianza mwaka 1910 mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na ndiyo hospitali kuu ya umma ya maradhi haya nchini. Jina lake lingali likitumiwa mitaani kama tusi. Kwa sababu hiyo safari huahirishwa hadi mgonjwa awe hashikiki, kisha jamaa huondoka usiku kwa pupa, bila karatasi wala mpango.

Kosa kubwa zaidi hutendeka kabla ya gari kuondoka. Mgonjwa huambiwa kwamba anakwenda kumwona nduguye Nairobi, kumbe anapelekwa wadini. Uongo huo humwingiza garini, lakini humwondolea imani kwa watu wale wale watakaompa dawa baadaye. Ni heri mtu mmoja anayemwamini, awe mama, mjomba au mchungaji wake, amweleze waziwazi aendako, kwa nini, na ni nani atakayemtembelea. Kumfunga kamba humjeruhi na kumzidishia hofu.

Kisha kuna karatasi: kitambulisho, barua ya rufaa na kadi ya kliniki. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF, hivyo ni vyema kuhakikisha mapema kwamba mgonjwa amesajiliwa na kuuliza ni gharama zipi zitakazolipiwa.

Dawa zote anazotumia zifungwe pamoja na kupelekwa, zikiwemo za kifafa, kisukari na hata mitishamba. Huko Makueni, watafiti wa afya ya akili katika miaka ya 2010 waliwakutanisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa hospitali ili washirikiane. Kwa hivyo hakuna haja ya kumficha daktari kwamba mgonjwa alipitia kwa mundu mue. Pombe nayo isifichwe, iwe kaluvu au chang'aa. Mnywaji wa kupindukia anapoikatiza ghafla anaweza kupatwa na degedege, na daktari asiyejua hawezi kujihadhari.

Mkoba uwe mwepesi: nguo chache zisizo na mishipi wala kamba, malapa, sabuni na mswaki. Nyembe, vitu vya kioo, pesa nyingi na vito vibaki nyumbani. Simu huenda ikazuiliwa wadini, basi nambari muhimu ziandikwe karatasini. Ikiwa mgonjwa ni mzee asiyejua ila Kikamba, aandamane na mtu wa kumtafsiria siku ya kwanza, maana maelezo ya siku hiyo ndiyo msingi wa matibabu.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, humtofautisha anayelazwa kwa hiari na anayelazwa bila hiari yake. Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa na jamaa waulize wanatia sahihi ya lipi, na masharti ya kutoka ni yapi. Aliyejaribu kujiua naye asizuiwe kwenda hospitalini kwa hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichokifanya kitendo hicho kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Lililo gumu zaidi ni nyumbani. Ukambani, mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Anayelazwa majira hayo huacha shamba la mbaazi na pojo bila mpanzi, mbuzi bila mchungaji, na pengine watoto bila karo. Wasiwasi huo huwafanya wengi kudai kuondoka kabla ya kupata nafuu. Mgonjwa aambiwe kwa majina ni nani atakayeshika jembe na nani atakayelala na watoto.

Aidha, imeripotiwa mara kwa mara kwamba baadhi ya waliopata nafuu Mathari hubaki wadini kwa sababu jamaa zao hawarudi kuwachukua. Kabla ya kulazwa, basi, familia ikubaliane ni nani atakayemrudisha, nauli itatoka wapi, na ni kituo gani cha karibu, Wote, Mwingi au Kitui mjini, kitakachompa dawa. Wengine huhitaji sindano kila baada ya wiki chache, na tarehe ya sindano inayofuata huandikwa kwenye kadi anayopewa siku ya kutoka. Anayekuja kumchukua aiombe kadi hiyo kabla ya kupanda matatu.